Mikutano ya kikundi chetu cha Linux inakatika kila wiki: je, tununue seva yetu wenyewe?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba. Tuna kikundi cha wapenzi wa kompyuta na Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, watu 14: wengi wetu tuko Wete na Chake Chake, wawili Mkoani, watatu Unguja na mmoja yuko masomoni Dodoma. Kila Jumamosi saa mbili na nusu usiku tunakutana mtandaoni kwa video kwa muda wa saa moja na nusu. Sauti hukatika, picha huganda, na wenye bando dogo huondoka mapema. Mara ya mwisho tulianza 13 tukamaliza watano. Nimepima kasi ya mtandao nikapata megabiti 18 kwa sekunde, kwa hivyo sielewi kinachokwamisha. Mwenzetu mmoja anasema Linux haifai kwa mikutano, turejee Windows. Mwengine anataka tuchange fedha tununue kompyuta, tuifanye seva (kompyuta ya kuhudumia mikutano) ya Jitsi, programu huria ya mikutano ya video, nyumbani kwake hapa Wete. Na yupo kijana mpya ambaye kompyuta yake haifunguki tangu alipojaribu kuweka Linux pamoja na Windows. Mikutano miwili imepita tukimwelekeza bila ya mafanikio. Tushike lipi?"

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja, kwa sababu kikundi kinachoanza na watu 13 na kumaliza na watano katika usiku mmoja kimo hatarini. Katika miaka niliyokaa na vikundi vya namna hii sijaona hata kimoja kilichokufa kwa ugomvi. Nimeviona vikifa kwa uchovu: mtu akikosa kusikia mara tatu mfululizo, mara ya nne hajiungi tena, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba msirejee Windows kwa sababu hii, msinunue kompyuta ya seva kwa sasa, muiondoe video katika mikutano yenu na badala yake mshirikiane maandishi ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na kompyuta ya kijana wenu isiguswe tena kwa maelekezo ya mbali. Sababu zake ni ndefu kidogo, nawe ukizielewa utaweza kuwaeleza wenzako bila ya kumfanya yeyote aonekane amekosea.

Nianze na tuhuma dhidi ya Linux, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuiondoa. Mikutano ya siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari kwa utaratibu uitwao WebRTC, na vivinjari vya Firefox na Chromium vinautumia utaratibu huo katika Linux kama vinavyoutumia kwengineko. Sauti inayokatika kwa watu wote kwa pamoja, wakiwemo waliojiunga kwa simu, haiwezi kuwa imesababishwa na mfumo wa kompyuta ya mtu mmoja. Hata hivyo mwenzenu hakuzua jambo, kwani yapo mambo mawili ambayo humsumbua mtumiaji wa Linux hasa. Moja ni hedifoni za Bluetooth: maikrofoni yake inapowashwa, kifaa huhama kutoka hali ya kusikilizia muziki kwenda hali ya simu, na sauti hushuka ubora ghafla hadi mtu akadhani mtandao umeharibika. Hedifoni ya waya huliondoa tatizo hilo papo hapo, na pia huondoa mwangwi unaotokea pale spika ya mmoja inaporudisha sauti za wengine kwenye maikrofoni yake. Jambo la pili ni kuonyesha skrini. Katika mifumo inayotumia Wayland, utaratibu wa kuchora madirisha kwenye skrini, programu moja hairuhusiwi kuchungulia dirisha la nyingine bila ya idhini, na idhini hiyo hupitia PipeWire, programu ya kupitisha sauti na picha, pamoja na kifurushi kiitwacho xdg-desktop-portal. Kifurushi hicho kikikosekana, wenzako huona skrini nyeusi tu. PipeWire ilianza kushika kazi ya sauti kwa kawaida katika Fedora 34, aina moja ya Linux, mwaka 2021, na aina nyengine, Debian 12 ya mwaka 2023, ikaifuata kwa wanaotumia mazingira ya eneokazi ya GNOME. Mwenye toleo la zamani zaidi ya hayo asasishe kwanza kabla ya kulalamika. Haya ni marekebisho ya dakika chache, wala hayamlazimishi mtu kuhama mfumo alioupenda.

Sasa tuje kwenye zile megabiti 18, ambazo ndizo zilizokutatiza. Kipimo chako ni cha kweli, ila kimejibu swali ambalo mkutano haukuliuliza. Programu ya kupima kasi huhesabu wingi wa data zilizofika katika sekunde kadhaa kisha huigawa hesabu hiyo kwa muda, na kwa kufanya hivyo huyafuta mapengo yote yaliyotokea katikati. Sauti ya mtu haihitaji wingi huo. Inachohitaji ni kufika kwa wakati na kwa mpangilio. Programu ya mkutano huikata sauti yako katika vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa kila sekunde, huvibana kwa kodeki (kanuni ya kubana sauti) iitwayo Opus, ambayo ilikubaliwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, kisha kila kipande husafiri peke yake ndani ya pakiti yake, yaani bahasha ndogo ya data.

Chukulia kwamba unampelekea ndugu yako barua ndefu kutoka Wete hadi Mkoani, na kila ukurasa umempa dereva wa gari nyengine ya abiria, huku ndugu yako akiisoma kwa sauti mbele ya watu na haruhusiwi kusimama. Ukurasa wa saba ukikwama Chake Chake kwa sababu gari imesubiri abiria, upana wa barabara hautamsaidia msomaji, maana zamu ya ukurasa huo imepita na itambidi auruke. Msomaji mwenye busara hukusanya kurasa chache mkononi kabla ya kuanza kusoma, ili gari moja ikichelewa kidogo asikwame, na programu nayo hufanya vivyo hivyo kwa kuhifadhi vipande kwa milisekunde kadhaa kabla ya kuvitoa kwenye spika. Lakini haiwezi kuhifadhi vingi, kwa sababu kila inachokihifadhi ni ucheleweshaji, na mazungumzo yenye ucheleweshaji mkubwa huwafanya watu wasemeane juu. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linashauri kuwa sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomoni mwa mmoja hadi sikioni mwa mwengine. Basi ndani ya nafasi hiyo finyu ndimo programu inamohangaika, na kukatika unakokusikia ni zile kurasa zilizofika zikiwa zimechelewa.

Kinachozikwamisha pakiti zenu ni mambo mawili. La kwanza ni mnara wa simu. Watu wote walio katika eneo moja la mnara hugawana mawimbi yale yale, na saa mbili na nusu usiku, watu wakiwa wametoka kusali Isha na wamekaa na simu zao, ndio wakati ambao kila mmoja anavuta upande wake. La pili liko mkononi mwako mwenyewe. Kompyuta iliyounganishwa kwa intaneti ya simu mara nyingi haijui kwamba inakula bando; hudhani iko kwenye mtandao usio na mwisho, ikaanza kupakua masasisho, nayo simu ikaanza kupandisha picha za juzi kwenye hifadhi ya mbali. Mizigo hiyo mikubwa hupanga foleni mbele ya vipande vidogo vya sauti yako, na kipande kilichotakiwa kusubiri milisekunde 30 kikasubiri 600. Katika mipangilio ya mtandao ya GNOME na KDE ipo sehemu ya kuutaja muunganisho kuwa ni wa kulipia kwa kiasi cha data. Iwasheni nyote, na mzime upandishaji wa picha katika simu kabla ya mkutano.

Ukitaka kuliona tatizo kwa macho badala ya kuniamini mimi, fungua terminali usiku wa mkutano na uandike amri ya ping, inayotuma pakiti na kupima muda wake wa kwenda na kurudi, yenye -c 200 (yaani mara 200), kwa kuielekeza kwenye seva ya mkutano wenu. Itachukua dakika tatu na kidogo. Mwishoni utaona asilimia ya pakiti zilizopotea na tarakimu nne: ya chini, ya wastani, ya juu na ya mtawanyiko. Wastani wa milisekunde 180 wenye mtawanyiko mdogo unavumilika kabisa, ilhali wastani wa 90 ambao tarakimu yake ya juu inafika 1,200 na pakiti 5 katika kila 100 zikapotea ndio ugonjwa wenyewe. Rudia kipimo hicho Jumapili saa tatu asubuhi mahali pale pale. Natarajia utaona tofauti kubwa, na ukiiona utakuwa umepata tiba ya kwanza ambayo haigharimu hata shilingi, nayo ni kubadilisha saa ya mkutano. Najua Jumamosi usiku ndio wakati ambao watu wamepumzika, na mwezi wa Ramadhani ratiba hugeuka kabisa kwa ajili ya tarawehe, lakini kikundi kinachosikilizana saa tatu asubuhi ni bora kuliko kinachokatikiana saa mbili na nusu usiku.

Upande wa bando unahitaji hesabu kidogo. Upo utaratibu wa mikutano ambao kila kompyuta inatuma picha yake kwa kila mwengine, mfano wa mtu mwenye harusi anayepeleka mwenyewe kadi katika nyumba zote za mtaa. Jitsi, kazi iliyoanzishwa mwaka 2003 na Emil Ivov akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, na programu nyingi nyengine za leo hutumia seva ya katikati: wewe unaikabidhi picha yako mara moja, nayo inaisambaza. Hilo hupunguza mzigo wa kutuma, lakini mzigo wa kupokea hubaki palepale. Mkiwa 13, kila mmoja anapokea picha 12. Tuseme kila kijipicha ni kilobiti 150 tu kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha chini: 12 mara 150 ni kilobiti 1,800 kwa sekunde, sawa na megabaiti 810 kwa saa, na kwa saa moja na nusu ni zaidi ya gigabaiti 1.2, bila ya kuhesabu picha unayoituma wewe. Sasa linganisha na sauti. Opus kwa kilobiti 32 huzaa kipande cha baiti 80 kila milisekunde 20, na juu yake huongezwa baiti 40 za anwani na taratibu za usafiri, yaani theluthi nzima ya mzigo ni bahasha. Pamoja na bahasha hiyo, mzungumzaji mmoja hukugharimu takriban megabaiti 22 kwa saa, au 33 kwa mkutano wenu mzima. Wenzako walioondoka mapema hawakukosa hamu. Walikuwa wanalipia nyuso.

Hapa ndipo ilipo dhana moja ambayo naisikia kila mara, kwamba mtu akizima kamera yake ameokoa bando lake. Ameokoa sehemu ndogo tu, ile ya kutuma, huku picha za wengine zikiendelea kumiminika kwake. Lazima akatae pia kupokea. Katika Jitsi ipo mipangilio ya utendaji ambayo ina kitelezi, na kikisukumwa hadi mwisho wa chini hubaki sauti peke yake. Mkikubaliana nyote kuzima kamera, basi hata asiyejua kitelezi hicho kiliko atakuwa amesalimika. Dakika mbili za kamera mwanzoni mwa mkutano kwa ajili ya kusalimiana nazikubali kwa moyo mkunjufu, kwani watu hupenda kuonana.

Kuhusu seva ya nyumbani, nia ya mwenzenu naiheshimu sana. Kutaka kikundi kijitegemee ndiyo roho ya programu huria, na mtu anayejitolea sebule yake na umeme wake si wa kuvunjwa moyo. Lakini seva hiyo haitagusa hata moja kati ya matatizo niliyoyataja: mnara utabaki ule ule, na picha 12 zitabaki 12. Isitoshe, huenda isifikike kabisa. Kampuni za simu kwa kawaida hukusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa sababu anwani za IP za mfumo wa zamani zimekwisha, na mtu wa nje hana njia ya kuanzisha mazungumzo na kompyuta iliyo nyuma ya pazia hilo. Kulipima hilo ni rahisi: mwenzenu aangalie anwani ambayo ruta yake imepewa na kampuni ya simu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni anwani ya ndani, na Jitsi, ambayo hupokea sauti na picha kupitia lango namba 10000 la UDP, utaratibu mmoja wa kusafirisha data, haitapata mgeni hata mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga seva nyumbani kwa ajili ya kikundi cha walimu, nikapoteza Jumamosi mbili nikikagua mipangilio ambayo haikuwa na kosa lolote, kabla sijatazama anwani hiyo. Laiti ningeitazama kwanza.

Tuseme amepata anwani ya umma. Bado seva itapaswa kumpelekea kila mmoja wa watu 13 picha za wengine 12, na uwezo wa kutuma wa muunganisho wa simu huwa mdogo sana kuliko ule wa kupokea uliouona katika kipimo chako. Umeme nao utahitaji betri ya akiba. Pemba imepata nafuu kubwa tangu ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010 na kuachana na kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, lakini kukatika kwa dakika tano tu katikati ya mkutano kunawatoa watu wote kwa pamoja. Na lile wazo kwamba seva iliyo Wete iko karibu na mtu wa Chake Chake si lazima liwe kweli, kwa kuwa pakiti za simu aghalabu hupelekwa kwanza katika mitambo mikuu ya kampuni, ambayo inaweza kuwa ng'ambo ya bahari, kisha ndipo zirudi kisiwani.

Umbali wenyewe hauna uzito mnaoudhani. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata njia ya kilomita 10,000 hadi Ulaya hula milisekunde 50 kwa kwenda. Seva ya nje huwa na hasara ya kweli siku nyaya za baharini zinapokatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024 ambapo EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku za namna hiyo ni chache, nanyi mnaweza kuahirisha.

Mkitaka kabisa kitu cha kwenu, kodini seva ndogo kwa mchango wa kila mwezi na mfunge Mumble. Ni programu huria ya sauti pekee, imekuwepo tangu 2005, hutumia Opus, na seva yake ni nyepesi kiasi cha kukaa katika Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, wakati Jitsi haistareheki chini ya gigabaiti 4 za kumbukumbu. Lango lake ni 64738, kwa TCP na UDP. Wale watakaojiunga kwa simu watalazimika kutafuta programu yake maalumu, na hilo ni kikwazo kwa wageni. Kwa sababu hiyo, kwa miezi miwili ya mwanzo nawashauri mtumie meet.jit.si, seva ya bure ya Jitsi, kwa sauti tu. Tangu Agosti 2023 anayefungua chumba lazima aingie kwa akaunti, lakini wanaofuata hawahitaji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, nawe hukuliuliza. Kikundi chenu kinajadili Linux, na sehemu kubwa ya Linux ni maandishi. Mnapomwonyesha mwenzenu jinsi ya kurekebisha faili ya mipangilio, mnapiga picha ya maandishi, mnaibana, mnaipeleka mara kadhaa kwa sekunde, kisha yeye anakodoa macho kwenye simu akijaribu kusoma herufi zilizofifia na hawezi hata kuzinakili. Terminali ya kawaida ya safu wima 80 na mistari 24 ina herufi 1,920, yaani takriban kilobaiti mbili ikijaa pomoni. Picha ya skrini hiyo hiyo katika ubora wa kawaida ina nukta zaidi ya milioni mbili. Kwa nini mbebe nukta milioni mbili ilhali mnachotaka kukisema kinaenea katika herufi 1,920?

Programu iitwayo tmate imetokana na tmux, programu ya kugawa na kuhifadhi vikao vya terminali, nayo hufanya jambo moja tu kwa ustadi: unaiandika jina lake katika terminali, inakupa viungo vya aina mbili, na wenzako wakikifungua kimoja katika kivinjari wanaiona terminali yako hai, herufi kwa herufi, kwa gharama ya kilobaiti chache. Herufi hazififii hata mtandao ukiwa dhaifu, kwa sababu herufi iliyochelewa hufika ikiwa ileile, tofauti na kipande cha sauti ambacho kikichelewa hutupwa. Kuweni waangalifu na aina hizo mbili za viungo. Aina moja ni ya kutazama tu, na nyengine inampa mwenye kuishika uwezo wote ulio nao wewe, hadi kufuta mafaili yako. Kipelekeni kile cha kutazama peke yake, na anayefundisha afungue akaunti tofauti katika kompyuta yake kwa ajili ya mikutano, isiyo na ruhusa ya msimamizi na isiyo na nyaraka zake binafsi. Asikubali kamwe kumpa kiungo cha kuandika mtu ambaye hamjui, hata akisema anataka kumsaidia.

Pamoja na tmate, wekeni ukurasa mmoja wa maandishi ya pamoja mtandaoni, mfano kwa programu ya Etherpad, ambamo mtu mmoja aliyeteuliwa huandika kila amri iliyotajwa na maana yake kwa Kiswahili. Msidharau sehemu hiyo ya Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na waliofanya kazi ile ilibidi wakubaliane neno kwa neno juu ya mamia ya istilahi. Maelezo yenu ya kila wiki, yakihifadhiwa, yatamfaa kijana wa skuli ambaye hajawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja. Aliyekosa bando siku hiyo anaweza pia kupelekewa rekodi ya asciinema, ambayo huhifadhi terminali kama maandishi na si video. Kabla ya kuituma, mfundishaji aipitie ahakikishe hakuna nywila wala ufunguo ulioonekana katika skrini.

Katika mazungumzo, kila mmoja azime maikrofoni yake isipokuwa anayesema, na mwenye swali aliandike kwanza. Mwenyekiti wa zamu awe na orodha. Sina zaidi ya hayo kuhusu mikutano.

Imebaki kompyuta ya kijana wenu, nayo ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka. Kuna kazi ambazo hazifanywi kwa mbali, na kurekebisha mgawanyo wa diski ya mgeni ni ya kwanza katika orodha hiyo. Anayeelekeza haoni skrini, anayeelekezwa hajui kipi ni muhimu kukisoma, na herufi moja tu inatenganisha sda na sdb, yaani diski yenye picha za familia na flashi isiyo na kitu. Mikutano miwili mliyompa ilikuwa ya ukarimu, lakini kila amri aliyoiandika kwa kubahatisha huenda ilipunguza uwezekano wa kuokoa data zake.

Yawezekana tatizo ni dogo. Mara nyingi mfumo wa kuwashia umebadilisha tu mpangilio wa kipi kianze, na kila kitu kipo salama ndani. Yawezekana pia Windows ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli yake ya kulinda diski, na sasa inadai ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Kijana auangalie huko kwa simu yake hata leo. Na yawezekana, Mungu aepushe, kwamba sehemu ya Windows imefutwa wakati wa kugawa diski. Hata hapo mna matumaini ikiwa hakuna kilichoandikwa juu yake: mjuzi ataanza kwa kunakili diski nzima kwa programu ya ddrescue kwenye diski ya nje, kisha atafanya kazi juu ya nakala kwa TestDisk, programu ya kurejesha sehemu za diski zilizofutwa, na asili haitaguswa.

Kwa hivyo pangeni siku ya kukutana ana kwa ana Chake Chake, ambako wa Wete na wa Mkoani mnafika kwa gari moja. Mkutano kama huo kila baada ya miezi mitatu utawafaa nyote, kwa sababu pia mtaweza kugawana kwa flashi mafaili makubwa ya kufungia Linux, ambayo lile la Mint (aina moja ya Linux) peke yake linakaribia gigabaiti 3, badala ya kila mmoja kuyapakua kwa bando lake. Kijana aje na chaja, ule ufunguo wa tarakimu 48 akiupata, flashi ya gigabaiti 8, na mumtafutie wa kumuazima diski ya nje isiyopungua ukubwa wa diski yake. Wa kushughulika naye awe mmoja tu, yule ambaye amewahi kufanya kazi hiyo kwa mikono yake, na wengine mtazame. Msipokuwa naye, wale wenzenu watatu walioko Unguja wanaweza kuulizia kwa wanafunzi na walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tunguu, au wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni, kama yupo atakayekubali kuitazama. Lakini ikiwa diski inatoa mlio wa kugongagonga, hilo ni tatizo la chuma na si la programu. Hapo msijaribu chochote, ipelekeni kwa fundi wa kuokoa data, na mkubaliane naye bei kwa maandishi kabla hajaifungua.

Mpaka siku hiyo ifike, mwambieni kijana asiiwashe kabisa.